Wamemwita Nakiete Mvivu

Chome, Jumanne. Ukungu umeshuka kutoka mlima Shengena tangu alfajiri na manyunyu hayajakatika. Nimevua viatu vyangu vya tope, nimekaa.

Niandike kabla sijamtukana mtu.

Nakiete ana miaka kumi na sita. Nilianza kwenda kwao mwaka jana, daktari kule Same alipotazama damu yake kwenye darubini akaniambia chembe zake zimepinda kama mundu, zinakwama mishipani, ndiyo maana mifupa inamtesa. Dawa ya kuuondoa ugonjwa hakuna. Kazi yangu mimi, msaidizi wa zahanati, ni kuhakikisha anakunywa maji, hapigwi na baridi, hachoki kupita kiasi. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayomweka hai.

Leo ilikuwa zamu ya mtaa wao kuchimba matuta ya serikali, yale ya kuzuia udongo usisombwe na mvua. Kila nyumba itoe mtu. Baba yake yuko Tanga kwenye mkonge, mama yake amejifungua juzijuzi tu. Jana nilimwendea mnyapara nikamweleza hali ya binti. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwamini.

Asubuhi akamtuma tarishi nyumbani kwao: wasipotoa mtu, mama atapelekwa barazani kwa chifu. Nakiete akachukua jembe.

Jirani ndiye aliyekuja mbio kuniita. Nilimkuta binti amelala kwenye udongo mbichi, amekunja magoti, anauma kanga yake asilie. Macho ya manjano. Mnyapara amesimama pembeni yake na mwavuli.

"Nilikueleza jana," nikamwambia.

"Ulinieleza habari za damu. Mimi damu siioni. Namwona mvivu amelala, wenzake wanachimba."

Niliwaomba akina mama wanisaidie kumbeba. Mnyapara akasema atakayeacha jembe atatozwa faini.

Hakuna aliyesogea.

Hilo liliniuma kuliko maneno yake. Ni wanawake ninaowajua, watoto wao nimewafunga vidonda kwa mikono hii. Kisha Bibi Nambike, ambaye hata mgongo haunyooki vizuri, akaliweka jembe chini akasema taratibu, "Nitozeni." Mwingine akaweka lake. Na mwingine. Tukafunga kanga kwenye miti miwili, tukamteremsha.

Nyumbani tuliwasha moto, nikampa aspirini na maji ya vuguvugu, nikamkanda miguu kwa kitambaa cha moto. Maumivu yalianza kulegea mchana. Akanitazama.

"Dada, kweli mimi ni mvivu?"

Nilimjibu hapana. Nilimweleza tena habari za damu yake, polepole, lakini niliona anadhani ninambembeleza tu. Mwili wake mnyapara aliuumiza asubuhi moja. Hilo neno sijui litamtoka lini.

Tulipokuwa bado tumekaa, tarishi akarudi. Kesho natakiwa barazani kwa chifu, kwa kosa la kuvuruga kazi ya serikali.

Kuvuruga!

Mama Nakiete alisikia yote kutoka kitandani, mtoto yuko kifuani. Huyu mama amezika wavulana wawili waliokufa kwa maumivu hayahaya, na watu wa hapa wamesema miaka yote kwamba aliwala wanawe kwa uchawi. Hajawahi kuwajibu. Akaniambia, "Nitakwenda na wewe. Nitawaeleza wanangu walivyokufa."

Nilimkataza. Ni mzazi, kuna baridi, mtoto ni mchanga.

"Umenisemea vya kutosha," akasema. "Kesho nitasema mwenyewe."

Tumekubaliana nimpitie baada ya chai, nimbebee mtoto, yeye ashike fimbo. Sijui kama watatusikiliza. Sitaomba radhi. Hasira hii, ambayo siku nyingine ningeiombea ipoe, leo naiacha ilale na mimi.