Debe la Baba

Addis Ababa, mwezi wa Tir

Eyasu (kaka nitakuita utakapostahili),

Mama anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Ulisema kwenye simu, "Litupeni hilo debe, limeandikwa 2009." Kompyuta ya baba hatujaitupa. Nimeifungua mwenyewe, nikafuta vumbi, nikaiongezea kumbukumbu ya RAM, na ile diski iliyokuwa ikikoroma nikaitoa nikaweka mpya ya SSD. Sasa inawaka kabla mama hajamimina kahawa ya kwanza, na picha za baba zinafunguka papo hapo.

Hiyo 2009 aliiandika baba kwa mkono wake siku aliponunua. Ni mwaka wa kalenda yetu ya Ethiopia, Eyasu. Huko ughaibuni uliko ilikuwa 2017. Umesahau hata nyumbani tunavyohesabu, halafu unatufundisha kipi kimezeeka.

Ndivyo ulivyofanya kwenye arobaini yake. Tulikuambia tarehe kumi, ukaja tarehe kumi ya kalenda ya huko, wiki nzima kabla. Ukala, ukasema tiketi haibadilishwi. Siku yenyewe tunamwombea baba, wewe uko angani.

Mama ameniomba nikuandikie tarehe ya kumbukumbu ya baba kutimiza mwaka. Sikuandikii. Hata debe linaijua, kwa kalenda yetu. Hesabu mwenyewe.

Dada yako, upende usipende,
Meklit