Alama ya Ukucha Wako, Mama Bukuru

Mama Bukuru,

Kaa vizuri hapo ulipo, nina neno na limenijaa mdomo. Kalamu ameishika mjukuu wangu Neema, amekuja likizo hapa Busunzu kutoka chuo. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kuyapamba maneno yangu.

Unakikumbuka chungu nilichofinyanga cha pombe ya harusi ya mwanangu. Kilipokuwa kinakauka kivulini ulikibonyeza kitakoni kwa ukucha kuona kimefika wapi, ukaniambia, "Hapo nilipobonyeza kwangua mpaka ndani, ujaze udongo mwingine. Usipake juu tu." Mimi mvivu nikapaka maji, nikasugua kwa kokoto, kikang'aa. Motoni kikapasuka. Nikasimama mbele ya wanawake wote nikasema una mkono mbaya, unapasua vyungu vya watu. Hawakukuita tena kufinyanga nao. Ukafinyanga peke yako, ukachoma peke yako, mpaka tukakuzika.

Sasa sikia. Huko chuoni Neema anabonyeza fuwele, jiwe linalong'aa kama kioo, la kutengenezea vitu vya ndani ya simu. Anabonyeza kwa ncha ya almasi. Alama yenyewe ndogo, macho matupu hayaioni. Lakini chini yake, anasema, safu za jiwe zimeteleza, hazikai tena mahali pake. Sugua juu pang'ae utakavyo, chini pameumia. Wakilipaka dawa kali, vishimo vinatokeza vimejipanga mstari. Na wakilitia motoni, ule mtelezo unakimbia kwenda mbali.

Nikasimama, na magoti haya. "Motoni, umesema?"

"Bibi, udongo si fuwele."

"Nimekuuliza motoni?"

"Ndiyo, Bibi, motoni."

Basi. Wewe ulilijua hilo bila almasi, na mimi nikakuita mkono mbaya. Haukuwa mkono wako. Ulikuwa uvivu wangu. Nimelia, halafu nimecheka mpaka kuku wakatoka jikoni. Neema anasema tusiandike habari za kuku. Andika.

Kesho wanawake wanakuja kufinyanga hapa kwangu. Nitawaambia wale wale waliosikia siku ile. Binti yako nimemwita, na amekubali, yeye ambaye hajakanyaga uwanja wangu tangu msiba. Chungu changu kikubwa kiko kivulini, bado kina ubichi. Yeye ndiye atakayekibonyeza, kwa ukucha, wote wakiona. Nami nitakwangua mpaka ndani.

Pumzika, mwenzangu. Safari hii kikipasuka, nitasema ni mimi.