Maneno ya Baba Niliyoyakata

Kijiji cha Ujamaa Nyakebara,
S.L.P. 41,
Tarime.

20 Juni, 1976

Mpendwa Baba Mdogo Nashoni,

Nimefundishwa kwamba salamu hutangulia na habari hufuata. Leo naomba unistahimili nianze kinyume, maana najijua, nikianza na salamu nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. Baba hakukubali kuhama siku ile. Mimi ndiye niliyesema amekubali. Neno hili hajalisikia mtu yeyote, si mama, si dada Wegesa, si mchungaji. Wewe ni wa kwanza.

Sasa shikamoo, baba mdogo. U mzima? Mama mdogo Esta na watoto hawajambo? Kifua chako kinaendeleaje na moshi wa hiyo karakana ya reli? Sisi huku tunaendelea, ila goti la mama linamsumbua asubuhi. Mvua zilikuwa nzuri. Mimi niko nyumbani kwa likizo ya kidato cha pili. Naandikia mezani, karibu na mlango, na kila nikisikia mtu nje nafunika karatasi kwa kitabu cha jiografia. Kwa hiyo usishangae mwandiko ukikatika.

Tangu tumzike baba mwezi wa tatu, watu humtaja kwa namna mbili tu. Mwenyekiti wa kijiji alisimama kaburini akamsifu kuwa ndiye wa kwanza kuhama, mfano kwa wananchi. Wengine husema pembeni kwamba aligawa mji wa baba yake kwa kupigiwa makofi. Watoto walimpa jina la Mzee Makofi, nao waliliita hata mbele yake. Yeye aliitika, "Naam," kama vile ndilo alilobatizwa.

Hao wote wawili simjui hata mmoja. Baba niliyemjua mimi alimlimia mjane Mokami kabla ya kulima kwake, akisema ng'ombe huanza na shamba la jirani ili wapashe miguu moto. Alikuwa na dume alilolipa jina la Karani, kwa sababu lilinusa kila kitu na halikufanya kazi yoyote. Kanisani aliimba kwa sauti ya geti lisilotiwa mafuta, na kila Sabato alikaa mstari wa mbele kabisa, hakuna aliyethubutu kumhamisha. Ng'ombe wakila ulezi wa mtu, waliitwa wazee, lakini aliyesubiriwa ni yeye. Alilizunguka shamba lote kwanza, kimya, ndipo akasema. Wewe unayajua haya kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu naogopa umeyasahau, na aliyekusahaulisha ni mimi.

Unakumbuka jirani yetu Kisyeri alivyomcheka aliponipeleka shule? "Machage, unanenepesha ng'ombe wa mwenzio. Huyu ataolewa, atakwenda na hizo herufi zake." Baba akamjibu, "Aende nazo. Mimi maziwa yake nitayanywa kwa masikio." Wakati ule sikuelewa. Nilijua tu kwamba watu wamecheka na kwamba mimi ndiye niliyechekwa.

Siku ya kuhamishwa nilikuwa darasa la saba. Malori mawili yalikuja mpaka kwenye ghala la pamba. Bwana mmoja kutoka wilayani aliketi mezani, na wenye miji wakaitwa mmoja mmoja, wengine wakisimama mbali kule kwenye kivuli cha ghala wasikosikia kitu. Zamu ya baba ilipofika, yule bwana aliuliza kama kuna mtu wa kufasiri. Baba akanishika bega. "Huyu binti yangu."

Alikuwa amevaa lile koti la kijeshi ulilomwachia, lenye kiwiko kilichotoboka. Akasema kwa Kikurya, polepole, anavyosema mzee mbele ya wazee, akitua, akigonga fimbo chini, akitua tena. Nitakuandikia yote, maana nayakumbuka kuliko sala yoyote:

"Kuhama sikatai. Serikali ikiita, mtu huitika. Lakini ulezi wangu uko shambani na haujakauka, niacheni nivune. Na lile zizi ni la baba yetu, tuko wawili, mdogo wangu yuko Tabora. Siwezi kuvunja zizi la watu wawili kwa mdomo wa mtu mmoja. Nipeni muda nimwite. Akifika, tutaling'oa pamoja."

Ndivyo alivyosema, baba mdogo. Alikutaja wewe.

Vijana wa kwenye lori walikuwa wakicheka. "Mzee anatoa hotuba au anapanga mahari?" Mwalimu wetu alikuwa pale nyuma ya meza, na juma lile lile alikuwa ametuambia darasani kwamba wanaoomba muda ndio wanaorudisha nyuma maendeleo. Nilikiona kile kiwiko kilichotoboka kama ninakiona kwa macho yao. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa kuwa haikunimeza nilitamani tuondoke upesi. Yule bwana akagonga meza. "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema amekubali. Yuko tayari hata leo."

Yule bwana alisimama, akapaza sauti mpaka kule ghalani: "Mzee Machage amekubali kuhama leo hii! Mpigieni makofi!" Wakapiga. Mwalimu akanitikisia kichwa kunipongeza. Na hapa nimefika penye aibu yangu ya chini kabisa: makofi yale niliyapenda. Kwa muda mfupi tu, lakini niliyapenda.

Baba alinitazama, akatazama wale watu wanaopiga makofi, akavaa kofia yake. Njiani nilingoja kofi. Tulipofika kwenye kijito akasema, "Sauti yako ilisikika vizuri." Basi. Nilidhani hajui nilichofanya. Nilijua Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kutaja bei ya ng'ombe na kukataa bei ya ng'ombe, nikajiambia kwamba hakufuata.

Jioni ile ile nguzo za zizi ziling'olewa. Ulezi ulibaki, ukaliwa na ndege na nyani. Mwaka ule tulikula unga wa kupimiwa, na mama kila akisonga ugali alisema, "Kuleni, huu ndio ulezi wa makofi ya baba yenu." Alisema hivyo mwaka mzima, na baba alinawa mikono, akala. Kisha Waitara, yule wa kijijini kwetu aliyekutembelea, akarudi kutoka Tabora na ujumbe wako, kwamba aliyegawa zizi la baba asikuite ndugu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama njiani alikula, akamwambia mama amkaribishe chakula. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na jagi la maji. Neno moja tu lingetosha. Niliwanawisha.

Baada ya hapo alianza kutoweka Jumapili. Mara moja nilimfuata kwa mbali. Alikuwa kwenye mahame yetu, akipalilia kaburi la babu kwa jembe dogo. Alipomaliza alikaa mahali palipokuwa na mlango wa zizi, kama mtu anayesubiri ng'ombe warudi. Nilirudi bila kumwita.

Alipozidiwa na tumbo walimleta hospitali Musoma, mji ninakosoma, na mlezi wetu wa shule aliniruhusu nikae naye. Muuguzi akaja kumuuliza kama anakubali kupasuliwa. Nilifungua mdomo nigeuze kwa Kikurya. Baba aliinua mkono kunizuia, akamjibu mwenyewe kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Nimekubali, dada. Lakini nina mdogo wangu Tabora. Naomba mnipe muda nimwone kwanza."

Kisha akanitazama. Hakuwa na hasira. Hapo nilijua kwamba tangu siku ile ya malori alikuwa anajua kila nilichosema. Angeweza kunisahihisha pale pale mezani, kwa mdomo wake mwenyewe. Hakutaka binti yake aitwe mwongo mbele ya watu. Na kufasiri hakukuhitaji. Alitaka Kisyeri na wote waliomcheka waone nimesimama pale nikisema. Alitaka kunywa yale maziwa.

Simu ya maandishi ilipelekwa kwako. Hukuja. Sikulaumu, baba mdogo, nakuomba uamini hilo. Usingeweza kumjia mtu aliyegawa zizi lako, na mtu huyo nilikuwa nimekuumbia mimi. Walikungojea siku mbili. Walipompasua walikuta wamechelewa. Alizikwa hapa kijijini, kwenye mstari wa nyumba, mbali na babu.

Sasa nikuambie kinachonifanya niandike leo. Dada Wegesa amejifungua mtoto wa kiume, na anataka kumwita Machage. Wazee wamekataa. Wanasema jina la marehemu haliwezi kupewa mtoto wakati ndugu yake hajamsamehe, mtoto atakua na ugomvi usio wake. Watamaliza tanga mwezi wa nane baada ya mavuno, na wewe usipokuwepo, jina litaachwa. Mtoto anaitwa "wewe" mpaka sasa. Nikimbeba hunishika kidole, nami siwezi kumtazama.

Sikuombi umsamehe baba. Hana kosa la kusamehewa. Nakuomba uje, usimame mbele ya wazee, useme hivyo. Mimi nitasimama kabla yako niseme langu, safari hii lote. Kuhusu kunisamehe mimi, sijui kama linaombwa kwa barua. Ukija, nitakuamkia kwanza, kisha uamue.

Nisalimie mama mdogo Esta, Nyangi, na mdogo wangu Nikodemo ambaye sijamwona. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba anakusalimu. Mungu aliyemtunza baba katika kunyamaza kwake awatunze nanyi, awafungulie njia ya kuja.

Namsikia mama uani. Anaburuta lile goti, ameshapita kuni, anakuja mlangoni. Kitabu cha jiografia nimekisukuma upande wa pili wa meza. Hajui kusoma, na akiona barua ndefu hivi atauliza inasemaje. Nitamsomea yote kwa Kikurya, neno kwa neno, na lile la makofi, na lile neno lake la ulezi. Sitakata kitu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Rhobi Machage