Nguzo ya Tatu Chini ya Chumba cha Nyuma

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini sijazoea kushika kitu chako bila kukuamkia kwanza, na leo nimeshika mwiko wako wa ujenzi.

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo ya rangi hapa uani kwetu Kansay, buti zimejaa udongo mpaka shingoni. Mama yuko jikoni anachambua maharage. Hajambo, ila analalamika kwamba tangu uondoke hakuna wa kumwambia chai yake haina majani. Mbaazi zimekubali mwaka huu. Na mimi siku hizi naitwa Fundi Paskalina mpaka Karatu mjini, ungesikia ungecheka mpaka ukohoe.

Hukupenda mtu anayeuma maneno, kwa hiyo nianze na kosa langu. Baba, nilimwaga zege kwenye chumba cha nyuma.

Ndiyo, kile kile. Miaka yote ulisema, "Chumba cha nyuma kibaki na udongo, mtu asiniulize." Tukadhani ni ubishi wako tu. Tulikutania: mzee kaweka vigae kwenye vyoo vya nusu ya hoteli za watalii, kwake anakanyaga vumbi. Mganga hajigangi! Ulikuwa unacheka na sisi, halafu unageuza maneno.

Arobaini yako ilipokaribia nikaona aibu. Wageni watalala wapi? Nikasema nitampa baba yangu sakafu anayostahili. Nikaleta mifuko kumi na miwili ya sementi, kokoto, mchanga wa mtoni, nikamwaga jamvi la zege la inchi nne na kupiga niru ya sementi juu yake mpaka ikang'aa. Watu wakasifu. Nikajivuna, Mungu anisamehe.

Wiki moja baada ya arobaini ukatokea ufa, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikaupanua kwa tindo, nikaujaza, nikaupiga niru tena. Asubuhi ulikuwa umerudi palepale, mrefu zaidi kwa hatua moja. Nikajaza tena. Ukarudi tena. Ulikuwa unakwenda mlango wa nyuma, Baba, umenyooka kama umepigwa kamba.

Halafu kugonga kukaanza.

Mama ndiye aliyesikia kwanza. Saa kumi jioni, jua bado kali, anamenya viazi. "Baba yako amerudi kazini," akaniambia, wala hakuacha kumenya. Nikamwambia ni panya. Kesho yake nikakaa naye kusudi, na saa kumi ilipofika nikasikia mwenyewe, kutoka chini ya sakafu yangu: ko. Kimya kidogo. Ko-ko.

Panya hawagongi hivyo. Hivyo uligonga wewe, kwa kitako cha mwiko, ukikalisha tofali: pigo moja la kuliamsha, mawili ya kulilaza. Nimeyasikia tangu nikiwa nakubebea maji ya kuchanganyia. Viazi vikanidondoka mkononi.

Nikamwita Fundi Akonaay, yule mliyekuwa mkibishana kuhusu kipimo cha mchanga mpaka mnanuniana wiki nzima. Akaegesha pima maji ukutani, akatikisa kichwa. Akagonga sakafu kwa nyundo. Karibu na mlango wa mbele ililia kama mwamba. Katikati ililia kama debe. Akarudi nyuma kwa kunyata, kama mtu aliyekanyaga mtoto aliyelala.

"Paskalina, chini hapa ni tupu," akasema. "Ukuta wa nyuma umeshaanza kudidimia. Bomoeni kabla ya masika, la sivyo nyumba itamlalia mama yako."

Mama akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Mume wangu amelala pale uani. Mimi niende kupanga chumba mjini kama msichana? Ikinilalia, basi inilalie."

Unamjua. Nilibembeleza, nikagomba, nikalia. Hakutoka. Mawingu ya masika yalianza kukusanyika upande wa Ngorongoro, nami nikawa nalala kitanda kimoja naye nisikilize kuta.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito kutoka kreta, ule wa kuwasikia ng'ombe wakicheua bila kuwaona. Nikafungua mlango wa nyuma nione ufa umefika wapi. Ulikuwa umetoka nje! Umepita chini ya kizingiti, umekata uwanja, mstari mweusi kwenye udongo mwekundu. Nikaufuata nimeinama, mikono mbele. Ukanipeleka hadi zizini, nyuma ya hori, ukaishia kwenye mbao nilizodhani ni masalio yako ya kenchi za paa.

Zilikuwa na bawaba, Baba, na bawaba zilikuwa zimepakwa grisi.

Nikainua. Ngazi zilizochongwa kwenye udongo, zimelika katikati kwa kukanyagwa, na kwenye ya kwanza alama ya buti lako, kisigino kilichoisha upande mmoja.

Nilishuka ngazi mojamoja. Nikafanya ulilonifunza nikiwa mdogo, kuitaja nyumba kutoka chini kwenda juu kabla ya kuingia kazini. Ulisema mwenye nyumba asiyejua majina ya nyumba yake huibiwa mchana. Msingi. Jamvi. Kozi za tofali. Lenta. Mkanda. Kenchi. Bati. Nilipofika mwisho nikawasha tochi, nikayaona mawe ya msingi wetu yako juu ya kichwa changu. Chini ya msingi hukunifundisha jina hata moja.

Ilikuwa nyumba ya babu. Ile ya kuchimbwa mlimani, ya enzi za watu kujificha na mifugo yao wasiporwe. Ulituambia ilibomoka na kufukiwa zamani, ukajenga juu yake ili usihame kiwanja cha baba yako. Kumbe iliyofukiwa ni nusu ya mbele tu. Nusu ya nyuma ipo, imesimama gizani, paa lake la udongo limebebwa na magogo yaliyoliwa na mchwa, na juu ya paa hilo tumelala sisi.

Na kando ya magogo, nguzo zako za tofali. Ya kwanza imefika kwenye boriti. Ya pili imefika. Kila moja juu kabisa ina alama ya dole gumba lako la kushoto, lililozamishwa kwenye sementi mbichi, na ule mpasuko wa kucha uliyopasuliwa na mashine ya kukatia vigae. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yako. Kazi isiyo na dole haijaisha, ulikuwa ukisema. Kazi yangu ulikuwa unaikagua, unaguna, unasema "itasimama," na dole hukuliweka hata siku moja.

Nguzo ya tatu ilikuwa imebakiza kozi mbili za tofali.

Karibu yake timazi lako lilining'inia kutoka kwenye boriti, lile la shaba la kupimia unyoofu wa kuta, nililolitafuta nyumba nzima siku ya mazishi ili nikuwekee kaburini. Lilikuwa linabembea. Polepole, kushoto, kulia, na mle ndani hakuna upepo wa kupeperusha hata unyoya. Nilisubiri litulie. Halikutulia. Nikalishika kwa mkono, na uzi wake ulikuwa na joto, kama kitu kilichoachiwa sasa hivi.

Baba, nilikukasirikia. Nitakuambia hivyo hivyo. Nilikaa chini nikapiga kelele mpaka udongo ukanidondokea. Uliwahubiria watu tarafa nzima kwamba nyumba ni msingi, na yako imekaa juu ya shimo, ukaona aibu kumwambia yeyote. Ukawa unashuka peke yako na tofali mojamoja, saa kumi, tukidhani uko kwa ng'ombe. Na mimi je? Mimi ningekucheka? Ningekubebea tofali!

Halafu nikakumbuka mifuko kumi na miwili niliyokutwika kabla hujamaliza, hasira ikaniisha, ikabaki aibu.

Nikapanda juu nikavunja sakafu yangu kwa nyundo kubwa. Siku mbili natoa vifusi kwa toroli. Siku ya tatu nikashusha tofali na maji, nikaanza kozi zako mbili. Saa kumi ilinikuta huko chini. Nikakalisha tofali la kona, nikageuza mwiko, nikagonga: ko. Kabla sijainua mkono mara ya pili nikasikia, upande wa pili wa nguzo: ko-ko.

Sikuzunguka kutazama. Nilichota udongo mwingine wa sementi, nikaendelea.

Nilipokaza kabari ya mkaratusi kati ya nguzo na boriti, nyumba ilitoa sauti, nzima, kama mtu anayetua mzigo. Sikuweka dole. Nguzo ni yako, na mimi sikuwa nimepasishwa. Nilimwagilia kila asubuhi kwa siku saba kama ulivyonifunza, nikigusa sementi ya viungo vyake. Siku ya pili tu vilikuwa vigumu, kucha haiingii.

Jana ilikuwa ya saba. Nilishuka na ndoo, nikamulika kozi ya juu, niliyoijenga kwa mikono yangu hii, na ndoo ikanitoka.

Magoti ya mama hayawezi ngazi zile. Akonaay nilikuwa bado sijamwonyesha mlango. Na sementi ya siku saba haikubali kidole cha mtu aliye hai, wewe ndiye uliyenifunza hilo. Dole lako lipo, Baba. La kushoto, na mpasuko wake. Niliingiza dole langu ndani yake, likapwaya.

Timazi limetulia. Saa kumi ilifika, mama akaacha kumenya, akainua shingo. Ikapita. Saa kumi na moja akasema, "Leo hajaja." Nikamwambia, "Amemaliza, mama." Akachukua kikombe chako alichokuwa akikiweka mezani siku zote, akakiosha, akakirudisha kabatini, ndipo akalia kwa sauti. Tangu tukuzike hakuwa amelia.

Akonaay amekuja leo na pima maji yake. Ufa wa uwanjani haujaongezeka. Nimemshusha chini, nimemweleza kila kitu. Nisamehe, lakini siri nzito hivyo hutaniachia mimi nibebe peke yangu. Amevua kofia. Amesema nguzo ya tatu imenyooka kuliko mbili za kwanza. Ukitaka kubishana, bishana naye.

Mvua ya kwanza inaanza kudondoka kwenye karatasi, nimalizie. Chumba cha nyuma kitabaki na udongo. Kila mwaka kabla ya masika nitashuka kukagua boriti na kukaza kabari, na watoto wangu nitawafundisha majina ya nyumba kuanzia nyumba ya babu kwenda juu. Mama hatalaliwa na ukuta nikiwa hai. Mwiko nimeuosha na kuukausha. Usishuke tena, Baba, magogo hayo sasa ni kazi yangu. Lala.

Niliandika hapo juu kwamba huwezi kuitika. Nalifuta hilo neno. Marahaba yako nimeiona.

Mwanao na kibarua wako,
Paskalina