Mti wa Ibada Umechanua Mapema

Kwako wifi yangu Verlie,

Salamu nyingi, na nyonga inaendeleaje? Usinijibu kwamba hujambo, maana hata siku ulipovunjika ulituambia hujambo ukiwa umelala chini. Mimi ni mzima, na wajukuu ni wazima, wanakula kama nzige. Anayeandika ni Zelma, mke wa mchungaji, kwa kuwa mimi na herufi hatujawahi kutambulishana. Nimemwapisha aandike ninavyotamka, asinitilie Biblia mdomoni.

Habari za huku ni za ajabu. Baridi mwaka huu imetupita bila kubisha hodi. Tangu tumzike kaka yako Ansel mwezi wa kwanza, jiko naliwasha kwa ajili ya maharage tu, si kwa kuota moto. Nyuki wametoka Februari. Jirani Burl anasema miti imelewa, haijui tena asubuhi wala jioni.

Wewe umezaliwa bonde hili, sina la kukufundisha. Anayekufa wakati wa baridi huzikwa, lakini ibada yake husubiri mti wa ibada uchanue pale makaburini, isomwe maua yangali mtini. Yakidondoka kabla, roho ya marehemu inabaki nyumbani hadi mwaka mwingine. Ndiyo maana sikununa daktari wako aliposema hutasafiri kutoka Detroit mpaka Aprili. Nikasema vizuri, hata mti wenyewe ni wa Aprili, na wifi atakuja kumwimbia kaka yake. Nani mwingine amebaki anayejua kuutoa ule wimbo wa kuwaaga wafu, mstari kwa mstari? Hawa wa hapa wanaimba kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Basi, Februari haijaisha, Burl akapita barabarani akanipigia kelele, eti mama, mti wa mzee umevaa nyeupe! Nikamwambia akanawe macho. Akaenda moja kwa moja kwa mchungaji, na ikatangazwa kwamba ibada ya Ansel ni Jumapili. Nikapanda kilimani kujionea. Usicheke, wifi. Miti mingine yote ilikuwa mifupa ya kijivu, na ule mmoja umesimama katikati yake umejifunga sanda. Sijawahi kuogopa ua maishani mwangu. Siku ile niliogopa.

Nilimwomba mchungaji angoje. Akasema maua hayamngoji mtu aliye Detroit, na kwamba ibada bila maua, hakuna wa bonde hili atakayekanyaga.

Jumapili watu wakapanda na nguo zao nzuri, na mikate ya mahindi, na pai za tufaha. Wakakuta mti uko uchi. Hata chini hakuna ua. Burl akawa anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake. Mmoja akasema ni kulungu, mwingine akamuuliza tangu lini kulungu akapanda mti. Kisha bibi mmoja akanong'ona kwamba Ansel ameyakataa maua yake. Wakateremka bila kula. Sasa Burl, aliyekuwa akiimaliza kahawa yangu kila asubuhi, ananipungia mkono kutoka ng'ambo ya kijito.

Nami siwapingi sana, maana kaka yako yupo. Namsikia akikohoa barazani mchana kweupe, nikiwa nachambua maharage. Kiti chake kinanuka tumbaku mbichi. Juzi nimemfokea afute viatu kabla ya kuingia, ndipo nikakumbuka.

Sasa sikiliza, na wewe Zelma andika. Ni mimi. Jumamosi nilipanda na ngazi na ndoo, nikayapukutisha maua yote, nikayamwaga kijitoni.

Zelma ameweka kalamu chini. Nimemwambia aiokote. Mumewe atajua tu, na heri ajue leo.

Nilijidai nafanya hivyo kwa ajili yako, ili usikose. Huo ni nusu uongo. Mti ule hauchanui mara mbili, nami nilijua Aprili hautakuwa na kitu. Nilikuwa juu ya ngazi, Verlie, nikawaza kwamba wakimsomea Jumapili, Jumatatu nitaamka na nyumba tupu, bila kikohozi chake. Mikono ikazidi kwenda mbio.

Lakini huku si kumpenda mtu. Anakohoa vibaya, wifi, na amechoka. Miti imepoteza wakati, basi tusiingojee. Njoo Aprili na fimbo yako umwimbie, hata tukiwa sisi wawili na matawi matupu. Mimi nimeshindwa kumwambia aende. Wewe ulikuwa ukimfukuza jikoni tangu mkiwa wadogo. Wewe utaweza.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako. Wajukuu wanakusalimu. Zelma anakusalimu, ingawa amevimba.

Na kaka yako anakusalimu.

Ni mimi wifi yako,
Orpha