Mkufunzi Niliyemfundisha Kusoma

Jumatatu, 1/9/1997
Mwalimu Mkuu Bartolomeo kaja na barua. Mkufunzi wa chuo cha ualimu anakuja Alhamisi kunipima nikifundisha. Hatimaye! Miaka ishirini na mmoja darasani, bado mwalimu wa Daraja la Tatu B. Niliingia ualimu na cheti cha la saba, nikasomea kazini kwa redio na vijitabu vya posta. Mtihani wa kidato cha nne nimefanya mara mbili ndipo nikapata. Limebaki somo hili moja – nikifaulu, napanda Daraja la Tatu A. Nikifeli, nastaafu na B yangu.

Jumatano, 3/9
Andalio la somo nimeandika upya mara nne. Hesabu za sehemu, darasa la nne. Zana: boga. Mume wangu Methusela kataka lipikwe. Nikamwambia hilo ni boga la serikali. Kanuna.

Alhamisi, 4/9
Balaa! Mkufunzi kashuka kwenye lori la mpunga, suti vumbi tupu. Kumwangalia – Hezron Lyamba! Nilimfundisha kusoma hapa hapa shuleni Mamba, mwaka 1980. Kaniamkia shikamoo mbele ya mkuu, kichwa chini. Kaletewa kiti, hakai. Eti hawezi kukaa mwalimu wake amesimama. Bartolomeo kambembeleza mpaka akakubali dawati la nyuma, magoti karibu yaguse kidevu.

Nikafundisha. Boga nusu, boga robo. Nilinoga! Mara naona mtu kule nyuma anatafuna kalamu. Mdomo ukanitangulia: "Lyamba! Toa kalamu mdomoni!" Kasimama wima: "Samahani, mwalimu." Darasa likaangua kicheko. Na mimi, badala ya kufa kwa aibu, nikamwambia akae asikilize!

Nimejimaliza mwenyewe.

Ijumaa, 5/9
Asubuhi Hezron kaja nyumbani na fomu. Alama kajaza, nzuri zote! Imebaki sehemu ya mapungufu, yasipungue matatu. Bila hayo chuo hakipokei. Eti mkono unagoma, hawezi kumwandikia mwalimu wake makosa. Kaniomba nijaze mwenyewe kwa penseli, atapitishia wino.

"Ila andika ukweli, mwalimu. Wakubwa wakihisi nimekubeba, tumekwisha wote."

Nimemwacha barazani na uji. Ripoti za watoto hamsini huwa namaliza kabla chai haijapoa – mvivu, mchafu, aongeze bidii. Mistari yangu mitatu imenishinda! Nikiandika kosa zito, nafeli. Nikiandika jepesi, namponza kijana wa watu. Nimeandika "anafoka". Nimefuta.

Nikamwita Methusela, nikamwuliza kasoro zangu ni zipi. Kaweka jembe chini. Kavuta kigoda. Kauliza kama nina karatasi ya kutosha. Sasa tuko kwenye kasoro ya saba, na sauti yake haijui kushuka. Namwonyesha kwa mkono kwamba mgeni yupo – haoni. Nimechungulia dirishani. Hezron kasukuma uji pembeni, kafungua daftari lake, anaandika haraka haraka kila anachotaja Methusela –