Mutunga, Nguzo Tumeziinua

Mwaka umetimia, Baba Kaloki, tangu asubuhi ile ya mvua ulipoiacha chai yako ipoe juu ya boneti ya gari la Abdalla.

Wasiokujua waambiwe. Wewe ndiwe Fundi Mutunga wa Kalama, uliyenyoosha bodi za magari mjini Machakos miaka thelathini, kisha ukarudi nyumbani na gari moja tu la kushughulikia. Abdalla mwenye duka alilirithi kwa babake, nalo milango yake hufunguka kwenda juu badala ya kando, kama kuku anayetaka kuruka. Watu wa kanisani walikuja kulitazama wakaniuliza kama mume wangu ni mzima. Niliwajibu kwamba wewe ni mzima, mgonjwa ni gari.

Hukuwa na haraka na milango ile. Hukuirekebisha wakati gari liko juu ya jeki, kwa sababu, ulisema, gari likiinuliwa hujipinda kidogo, na likishushwa mlango unakataa kufunga. Lilisimama kwa magurudumu yake, na kwenye kiti cha dereva ukakalisha gunia langu la mbaazi, eti ndilo Abdalla. Nati za bawaba kule juu ulizizungusha robo, ukafunga mlango, ukasikiliza. Robo tena. Ulibana ukanda wa gazeti kwenye raba ya mlango ukauvuta; ukitoka kwa urahisi, ulijua mvua nayo itaingia kwa urahisi. Raba zenyewe ulizipaka poda ya mtoto zisigandame. Nilikuwa na mume anayenukia grisi na mtoto mchanga kwa pamoja.

Na hakuna aliyeruhusiwa kuingiza kichwa chini ya mlango kabla hujauwekea gongo. Shokomzoba za kuushikilia zilikuwa zimechoka, na ulisema mzee hata akikupenda anaweza kukuangukia.

Ulikuwa mwema, Mutunga. Ukipita karibu na nyumba ya mjane ukasikia mlango unalia, uliingia ukautengeneza bila kuitwa.

Sasa nije kwa lile nililolibeba mwaka mzima.

Ulikuwa umekwenda Masinga kumzika binamu yako, na mvua za Novemba zilikuwa zimeanza. Kaloki, mwanetu, akaamua kukujengea kibanda cha mabati juu ya gari, urudi ukikute. Alisimamisha nguzo ndefu. Kazi aliijua, wewe ndiye uliyemfundisha. Mimi nikatoka jikoni nikazitazama.

"Hii upepo ya huku itabeba mabati yote kama ile ya choo," nikamwambia. "Kata hizo nguzo."

"Na milango je, mama? Si inaenda juu?"

"Kata, Kaloki. Baba yako atasukuma gari nje akitaka kufungua."

Akazikata, kama mkono mmoja na nusu.

Uliporudi ulikizunguka kibanda ukacheka. "Mmenijengea vizuri," ukasema. "Lakini hii ndege mmeiweka kwa kikapu." Ukaahidi kuziinua nguzo mvua ikipungua.

Haikupungua. Asubuhi ile ulijipenyeza ndani kwa ubavu, wembamba wako ukakusaidia, ukaufunga mlango ili ukitazame kitasa kwa ndani. Nilipoleta chai sikusikia spana ikilia. Ulikuwa umeshika kifua. Mimi na Kaloki tuliuvuta mlango, ukagonga boriti, ukasimama nusu. Ile nafasi ilimtosha mtu kujipenyeza mwenyewe, haikutosha kumtoa mtu aliyelegea. Breki ya mkono ulikuwa umeivuta kama kawaida yako, na magurudumu yalikuwa yamezama kwenye matope. Majirani walipofika tukalisukuma gari nje, hukuitika tena jina lako.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, na kwamba mlango haungebadilisha kitu. Kuna siku namwamini, na kuna siku simwamini kabisa.

Kwenye mazishi mtu wa ukoo alisema mbele ya watu kwamba kibanda cha Kaloki ndicho kilichokuua. Kaloki alinitazama. Maneno yalikuwa mdomoni, Mutunga, nikayameza. Nilitazama chini mpaka wakaanza wimbo. Wiki iliyofuata akahamia Mavoko, na hajakanyaga hapa tena. Mbithe, dadake, akimpigia, Kaloki humjibu tu, "Niko sawa, msijali." Mimi sijampigia hata mara moja. Ningeanzia wapi?

Abdalla amekuja mara mbili. Mlango wa kushoto bado unavuja, maana hukuumaliza. "Mama, gari itangoja," aliniambia. "Hii mlango ni kijana wako peke yake anaijua. Ikae hapa mpaka arudi." Sikumwambia kwa nini harudi.

Basi nakwambia wewe, wasomaji wakisikia, na wa ukoo wasome mara mbili. Kaloki alisimamisha nguzo ndefu. Mimi, Nzilani, ndiye niliyemwamuru azikate, na mimi ndiye niliyenyamaza alipolaumiwa. Lile la kwanza nilikosea. La pili nililijua, nikalifanya.

Mwezi uliopita mimi na Mbithe tuliezua mabati tukasimamisha nguzo mpya. Upepo ukiyataka, uyabebe. Nilifungua mlango wa kulia, ukapanda mpaka mwisho bila kugusa kitu, tukauwekea gongo kama ulivyotufunza. Nilisimama chini yake nikalia kwa hasira. Ilikuwa kazi ya siku mbili tu.

Mlango wa kushoto hatukuugusa. Spana zako ziko kwenye kiti, kando ya gunia la mbaazi.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa nyumbani Kalama, Jumamosi hii. Wanaokukumbuka ni mkeo Nzilani, bintiyo Mbithe, mjukuu wako Wayua, rafiki yako Abdalla, na mwanao Kaloki, ambaye jina lake nimeliandika bila kumwuliza.

Daima uko nasi, Baba Kaloki. Mwanao akilisoma tangazo hili, aje tu. Watu waliosikia akilaumiwa nimewaalika wote, na nitamwomba msamaha mbele yao kabla sijampa chai.